Kule Juu Bado Kuna Jua

Mama,

Vuta kile kigoda chako ukae. Hukupenda kusomewa habari ukiwa umesimama, na hii ni ndefu, tena ina maswali mengi kuliko salamu. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe mwenyewe ulisema Ekegusii ni ya mdomo na Kiswahili ni cha karatasi. Mwanao, mume wangu, alipokuwa kibaruani Nakuru, kila nilipokusomea barua zake nikaanza kutafsiri, ulinikatiza: "Wacha hivyo hivyo. Nasikia."

Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Ndama ni jike, na ana jeuri ya mama yake. Upepo uliangusha migomba ya nyuma ya choo, yote isipokuwa ule mmoja uliosema haufai kitu. Mwanao ametengeneza lango, lile ulilomwomba tangu hajaoa, na sasa linafunga vizuri kabisa na hakuna mtu wa kulisifu. Mabuti yako ya mpira bado yako mlangoni. Kila mtu anayaruka na hakuna anayeyatoa. Mimi nalia saa za ajabu, Mama. Siku ya mazishi yako sikulia sana, watu wakaniangalia. Nikaja kulia mjini Kisii, kwenye kibanda changu cha kushona sare, mteja alipoleta sweta ya rangi ya kitambaa chako cha kichwa. Maskini akaomba msamaha, akidhani amenikosea.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni lingine. Wamenipa kiti chako. Mama shemasi sasa ni mimi, na mama shemasi huketi kwenye baraza la kanisa, na kesi ya kwanza niliyoikuta mezani ilikuwa ya Moraa.

Unamjua Moraa kuliko mimi, ila acha nikuambie vile anavyoishi siku hizi. Tangu atoke kwa mume kule Kiogoro na kurudi na sanduku moja, anakaa kwenye kile kipande alichoachiwa na baba yake juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, penye mikaratusi mirefu, na mistari yake michache ya chai. Watoto wamekua, wamekwenda zao. Ndugu zake wanamsalimia kwa mbali kama mtu wa serikali. Kwa mume alitoka, kwa baba wanamwona mgeni. Mahali pekee penye kiti ambacho hakuna anayemuuliza amekipataje ni kanisani kwetu, benchi la pili karibu na dirisha. Tukimfuta pale, sijui atakuwa mtu wa wapi.

Shtaka lilikuwa kuvunja Sabato, kufanya kazi baada ya jua la Ijumaa kuzama. Ijumaa jioni, sisi wa huku chini tukiwa njiani kwenda kuifungua Sabato, jua limeshaingia nyuma ya mlima na kivuli kimetufunika, watu waliinua macho wakamwona kule juu. Mweusi mbele ya anga, kikapu mgongoni, mikono inakwenda. Anachuma majani. Na haikuwa Ijumaa moja. Mzee Ombati alimwona, mke wake alimwona, na hata mimi nilimwona nikasema moyoni, huyu naye!

Baraza likamwita. Alikuja na gauni lake la kwenda kanisani, akaketi mikono mapajani. Mzee Ombati ndiye aliyeongoza, na wewe unajua si mtu mbaya. Ni yule yule anayelia akisimulia habari za mwana mpotevu. Akamuuliza: "Dada Moraa, siku hiyo ukichuma, jua ilikuwa imezama ama haijazama?" Moraa akajibu, "Kwangu ilikuwa bado."

Watu walicheka. Mmoja akasema, "Sasa ako na jua yake!" Wakacheka tena. Moraa akawaangalia, akachukua mkoba wake. "Andikeni vile mnaona," akasema, akatoka. Ikaamuliwa kwamba uamuzi wa kulifuta jina lake utolewe kabla ya Sabato ya Meza ya Bwana.

Mimi sikucheka. Usinisifu, haukuwa wema. Nilikuwa nimeshikwa na kitu. Maneno yale, kwangu ilikuwa bado, niliyasikia wapi?

Nilianza kwa kuuliza watu, unajua tabia yangu. Nilimpigia mchungaji simu. Ana makanisa mengi kiasi kwamba ukimpata hewani unashukuru. Nikamwambia, Mchungaji, Yesu alikataza kuhukumu, sivyo? Akasema ndivyo, tena alisema kipimo unachompimia mwenzako ndicho utakachopimiwa wewe. Nikapumua. Kumbe hajamaliza. Akasema Yesu huyo huyo aliwaambia watu waache kuhukumu kwa kuangalia sura ya nje, wahukumu kwa haki. Na Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa sababu mmoja wao alikuwa akifanya jambo baya mbele ya macho yao na wao wamekaa kimya. Nikamuuliza, "Sasa nihukumu au nisihukumu?" Akacheka. "Mama Brian, ukipata jibu unipigie."

Mwanao ndiye aliyenichanganya kabisa. Alisema hilo la usihukumu ni andiko linalopendwa na wenye makosa. Akanitajia yule kijana wa bodaboda wa pale njia panda ambaye hajui kufungua Maandiko hata kwa kidole, lakini ukimwambia amelewa na amebeba mtoto wa shule, anakujibu, "Usihukumu, mama." Nikaona mwanao ana haki. Kama neno hili linamfunika mlevi mwenye pikipiki, haliwezi kuwa na maana ya kwamba tufumbe macho. Hapo nikakaa siku nzima nashona vifungo mahali pasipo na matundu.

Nikakufikiria wewe. Wewe hukuwa mtu wa kufumba macho, Mama, watu wasikudanganye kwa vile walivyokusifu kwenye mazishi. Yule jirani aliyekuwa akitia maji kwenye maziwa ya kuuza, ulimwita jikoni, ukafunga mlango, ukampa uji, ukamwambia yote. Mimi nilikuwa naishi nyumba hiyo hiyo na sikujua. Nilikuja kulijua siku tunakuzika, kwa mdomo wake mwenyewe, analia huku anacheka: "Omong'ina, mama mzee yule, aliniosha roho na uji!" Miaka yote ile ulipita naye njiani ukimwulizia watoto, na mimi sikuona hata nyusi zako zikipanda. Maji kwenye maziwa uliyahukumu bila huruma. Mtu mwenyewe ulimwachia Nyasae, Mungu wetu. Mstari huo uliuchora wapi, na kwa jicho gani? Nilitamani nikuulize. Nikatazama kigoda, nikatoka nje.

Jibu la kwanza lilinijia nikiwa na kiberiti mkononi. Ilikuwa Jumamosi jioni, Sabato inaisha. Kivuli cha mlima kilikuwa kimefika uani, tumeimba wimbo wa kufunga, na kijiji kizima kinawasha moto kwa pamoja, maana watu wamekula baridi tangu asubuhi. Nikachomoa njiti. Hapo nikakuona, Mama, kama vile umesimama pale. Mlangoni pa jikoni, kiberiti mkononi, hujawasha, shingo umeinyosha kutazama mlimani. Watoto wanalia njaa, maji ya ugali hayajabandikwa, na wewe unatazama mikaratusi ya kwa kina Moraa. "Kule juu bado kuna jua," unasema. Nilidhani unasoma dalili za mvua. Miaka yote niliyoishi nawe nilijua una kiburi cha wakulima wa zamani, wa kutazama mawingu. Siku moja niliwasha mapema na ukapuliza njiti yangu ikazimika, na mimi nikanuna mpaka Jumapili.

Ijumaa iliyofuata nilifunga kibanda mapema. Nilipofika kwetu sikuingia ndani. Nikapita kanisa, nikashika ile njia ya miguu inayopanda. Niliokutana nao wanateremka wakashangaa: "Mama Brian, unaenda wapi na Sabato inaingia?" Nikawajibu naenda kuona.

Nilipanda ndani ya kivuli, nguo inanishika magotini, baridi ya jioni imeanza. Karibu na kilele nikapiga hatua moja nikatoka kwenye kivuli kama mtu anayetoka nyumbani. Jua! Mama, jua zima, la moto, liko juu ya vilima vya mbali na halina haraka. Upande ule wote wa magharibi umefunguka, chai inang'aa, watu wanafua. Na kutoka chini, nyuma yangu, nikasikia kanisa langu mwenyewe likiimba kuikaribisha Sabato. Nilisimama juani nikawasikiliza wanavyolisindikiza jua ambalo lilikuwa linanichoma shingo. Nilicheka peke yangu.

Mle chini tunamwona mweusi kwa sababu mwanga uko nyuma yake. Tukadhani giza limemkuta kazini. Giza lilikuwa letu.

Moraa aliniona. "Umetumwa?" akauliza. Nikamwambia, "Yaya, sikutumwa, nimekuja tu." Akaendelea kuchuma kwa haraka, asubuhi huwa anachumia watu na yake huyaacha mwisho. Kisha akaacha mstari katikati, akapeleka kikapu pale bandani karani anapopima chai, akarudi, akanawa mikono, akafungua leso ya kiunoni, akaketi kwenye jiwe akiwa ameelekea magharibi. Jua lilikuwa halijagusa kilima. Sabato ilimkuta amekaa anaingoja. Sisi wa chini, wengi wetu, hutukuta tukitafuta viatu vya watoto.

Nilirudi nikamwambia Mzee Ombati kwamba kabla ya kuamua lolote, baraza lipande mlimani Ijumaa jioni. Akanitazama kama nimemwambia acheze mpira. "Baraza haiendi kwa mshtakiwa, Mama Brian." Nikamwambia, Mzee, Yesu alipanda mlima kufundisha haya mambo ya kutohukumu, sisi tushindwe na hiki kilima? Alijaribu kukasirika akashindwa.

Walipanda. Natamani ungewaona. Mzee na fimbo yake, anapumua kama ng'ombe wa maziwa, kila mahali anauliza kama ni hapo. Tulipotoka kwenye kivuli, aliinua mkono kukinga macho. Kutoka chini ikaanza sauti ya mke wake, ile inayotangulia kila wimbo, unaijua, inawapita wengine wote. Anaifungua Sabato. Mzee alisimama pale na mkono usoni mpaka ubeti ukaisha. "Na hii kitu imekuwa hapa miaka yote?" akasema. Akavua kofia.

Mmoja wetu alikuwa na ile kalenda ya kanisa yenye saa za machweo. Akaitoa mfukoni, akatazama saa, akatazama jua, akairudisha. Kalenda ilikuwa upande wa Moraa. Basi nikauliza, maana sikuweza kujizuia: kama jua letu huondoka mapema, Ijumaa hatudhuru mtu, tunaanza tu kabla ya wakati. Lakini Sabato jioni, tunapowasha moto wote kwa pamoja kivuli kikifika, huko je? Tuliteremka, kila mtu anatazama anapokanyaga. Kesi ikaondolewa mezani, na hata dakika moja ya maneno haikutumika.

Nilipanda tena kumpelekea Moraa habari, mbio, nikidhani nimebeba zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema, akaendelea kupembua maharagwe.

Sabato iliyofuata hakuja kanisani. Na iliyofuata pia. Benchi la pili lilikaa na pengo karibu na dirisha, watu wanaliona na hawalikalii. Nikakasirika, Mama, nakuambia ukweli. Nikasema, tumekusafisha, unataka nini zaidi, tukupigie ngoma? Ana kiburi, ndiyo maana hata ndoa... Hapo nikajisikia. Mzee Ombati alifunga kesi ya kwanza, mimi nimefungua ya pili, tena peke yangu, bila baraza, bila mshtakiwa kuitwa. Nilikaa chini. Tulikuwa tumemrudishia jina lake kwenye kitabu, lakini kile kicheko nani angekirudisha? Mtu anachekwa mbele ya watu wake wa mwisho duniani. Sikujua dawa yake. Ningekuwa na wewe ningekuuliza.

Kwa kuwa sikujua la kufanya, nilifanya nililokuona ukifanya. Sabato jioni nikasimama mlangoni pa jikoni na kiberiti, nikatazama mikaratusi. Vilele vyake vilikuwa vya rangi ya asali. Jirani zetu wote wanapika. Mwanao akaja akauliza kama kiberiti kimeloa. Nikamwambia, kule juu bado kuna jua. Alinitazama, kisha akageuza uso, akaenda kushikashika lile lango lake.

Siku ya Meza ya Bwana ikafika. Nilipasha maji alfajiri vile ulivyonifundisha, ya vuguvugu tu yasimshtue mzee, nikapanga mabeseni na taulo upande wa kina mama. Wanawake wakaanza kuchaguana wa kuoshana miguu. Nilikuwa nainama kumimina maji nilipoona viatu vya Moraa. Amesimama nyuma kabisa, amekuja na lile gauni. Nikachukua beseni kwa haraka, maji yakanimwagikia. Nikamwambia, karibu. Akakaa.

Miguu yake ina mipasuko, Mama, udongo wa chai umeingia na hautoki. Nilikuwa naosha wa kulia aliponiinamia akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Ekegusii, nami nakuwekea hapa kwa Kiswahili: "Naona moshi wenu umeanza tena kuchelewa."

Sikuelewa. Akanieleza. Sabato jioni, yeye amekaa kwenye jiwe lake na jua bado liko usoni, akigeuka huona moshi wa huku chini ukipanda, jiko hili, jiko lile, kijiji chote. Isipokuwa jiko moja. Jiko moja lilikuwa likimngoja. Jua lake likishazama ndipo moshi wako ulipopanda, miaka yote tangu aliporudi. Alisema jioni nyingine, akiwa peke yake kule, alikuwa anaungoja ule moshi kama mtu anavyongoja kubishiwa hodi. "Wiki aliyozikwa, moshi wenu ulipanda na wa wengine," akasema. "Hapo ndipo niliamini omong'ina ameenda."

Ulikuwa moto wangu, Mama. Njiti yangu mwenyewe.

Ametuona wote. Miaka yote alikaa kule juu akatuona tukivunja Sabato yake, sisi na wazee wetu na nyimbo zetu, na hakumwambia mtu. Hata siku ile tulipomketisha katikati na kumcheka, alikuwa na Sabato zetu zote machoni, na alichosema ni kwamba kwake ilikuwa bado. Niliinamia beseni ili wasinione. Alinishika bega. Kisha tukabadilishana, nikakaa mimi, akaniosha.

Sasa nina maswali na wewe umekwenda. Ijumaa ulianza na jua letu, Sabato ukamaliza na jua la kule. Kila upande ulijichukulia ule mzigo mzito, na kwa wengine hukupima chochote. Ulifanya hivyo kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya Moraa? Au ni kwa vile ulizaliwa kule juu, na msichana wa mlimani hakuwahi kutoka ndani yako ulipoolewa huku kivulini? Na mbona hukutuambia? Wakati mwingine nadhani ungetuambia tungefuata, tukaanza kuwatazama vibaya wanaowasha mapema, na baraza likapata kesi mpya. Mchungaji sijampigia. Sina jibu la kumpa zaidi ya kwamba apande.

Moraa yuko benchi la pili. Bado hacheki nasi sana. Mzee Ombati humsalimia kwa kuvua kofia na yeye huitikia kwa kichwa. Na jioni za Sabato nimeona moshi wa majiko mawili matatu ukichelewa huku chini, nami sijauliza ni ya nani.

Lala salama, Mama. Mabuti yako nitayaacha pale pale. Nakuahidi, maadamu jiko hili ni langu, jicho langu Sabato jioni litakuwa kule ulikokuwa ukitazama, na nikiondoka nitamwachia mke wa Brian kiberiti, bila maelezo, kama ulivyoniachia.

Sasa hivi naandika nikiwa mlangoni pa jikoni. Kivuli kimefika uani zamani. Mwanao ana njaa, ila amejifunza kunyamaza. Mikaratusi yote imefifia isipokuwa mmoja, ule mrefu wa mwisho. Moraa yuko kwenye jiwe lake, najua, amegeuka kutazama huku.

Mama Brian wako,
kiberiti mapajani.